Kihariri Kimevuruga Msimbo? Tafuta Kwanza ni Mkono Upi Ulioushika

Mama mmoja auzaye leso Barabara ya Biashara alinipigia simu Ijumaa moja, swala imekaribia. Sijawahi hata kumaliza shikamoo. "Marahaba, mwanangu. Kile kitufe cha WhatsApp mlichoniwekea, watu wakikibonyeza wanaambiwa ukurasa haupo. Tangu jana simu haijalia."

Nikakifungua kwa simu yangu. Kweli, badala ya WhatsApp nikaletewa kosa la 404 la tovuti yake mwenyewe. Nikainakili ile anwani, nikaibandika kwenye maandishi matupu, na mwisho wake ulikuwa hivi:

    /%E2%80%9Chttps://wa.me/254700000000%E2%80%9D

(Nambari nimeibadilisha.) Hiyo %E2%80%9C ilinipa jibu kabla sijawasha kompyuta. Ndivyo kivinjari kinavyoiandika alama ya nukuu iliyopinda, ile ya kufungulia, na %E2%80%9D ni ile ya kufungia. Kijana ninayemfundisha kazi alipewa msimbo ndani ya hati ya Word. Word, kwa mazoea yake, ilikuwa imezipinda alama zote za nukuu. Kivinjari hakiijui alama iliyopinda kuwa ni nukuu. Kiliihesabu kuwa ni sehemu ya anwani, na kwa vile anwani haikuanza tena na https, kikadhani ni ukurasa wa ndani ya tovuti ile ile.

"Ami, hii WordPress ina wazimu," kijana akaniambia. "Nimefuta, nimebandika upya mara nne." Mara nne zote kutoka hati ile ile ya Word.

Mwongozo huu ni wa yeyote aliyewahi kufika hapo. Nitatumia mifano ya WordPress, ule mfumo wa kuundia tovuti, maana kazi nyingi zinazopita mezani kwangu hapa Mwembe Tayari, Mombasa, ni zake, lakini njia ya kutafuta kosa ni moja kwa kihariri chochote kinachokuonyesha ukurasa kama utakavyoonekana. Vyote vina tabia moja: vinakudhania unaandika barua. Ukiwa unaandika barua kweli, ni wasaidizi wazuri. Ukiweka msimbo, kila msaada wao ni hasara.

Kwanza, usiguse kitu

Najua mkono unawasha. Lakini kabla ya kufuta, chukua ule msimbo ulioharibika kama ulivyo, uweke kwenye faili la maandishi matupu. Notepad yatosha. Uharibifu wenyewe ndio ushahidi wako. Ukishaufuta umebaki kubahatisha. Kisha ndani ya WordPress fungua orodha ya matoleo ya nyuma ya ukurasa huo. Mfumo huhifadhi nakala kila mtu anapohifadhi, pamoja na jina lake na saa. Mara nyingi utakuta msimbo ulikuwa mzima Jumatatu, ukaharibika Jumanne saa nne asubuhi, na aliyeingia saa hiyo alikuwa anabadilisha bei tu. Kumbuka hilo la bei, nitalirudia.

Pili, jiulize: msimbo huu ni wa kufanya kazi au wa kusomwa?

Swali hili linaonekana la kitoto, ila nusu ya malalamiko ninayoletewa huishia hapa. Kuna msimbo unaoutaka ufanye kazi ndani ya ukurasa: kitufe cha WhatsApp, ramani ya dukani, fomu. Na kuna msimbo unaoutaka usomwe, kama unaandika somo la Python na wanafunzi wanatakiwa kuuona ulivyo. WordPress ya sasa, yaani tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018 lilipoleta kihariri cha bloku, ina bloku tofauti kwa kila moja. Bloku ya Custom HTML huutekeleza msimbo. Bloku ya Code huuonyesha tu.

Ukiweka kitufe kwenye bloku ya Code, wateja wataona tagi zako, zile alama za HTML zenye mabano-pembe, zimeanikwa ukurasani kama samaki wa kukausha. Ukiweka somo lako la HTML kwenye Custom HTML, tagi zitatoweka na patabaki maandishi makubwa au kitufe kisichohusika. Katika hali zote mbili kihariri hakijakosea; kimetii amri ambayo hukukusudia kuitoa.

Ipo pia bloku iitwayo Preformatted. Nayo hulinda nafasi na mistari, ila huruhusu herufi nzito na viungo ndani yake. Naitumia kwa ratiba na mashairi. Kwa msimbo, Code ndiyo yake. Na kama unachapa kwa kibodi, andika alama tatu za nukta-mkazo ``` kwenye mstari mpya kisha bonyeza Enter; bloku ya Code itafunguka yenyewe.

Tatu, fuata mikono minne

Hili ndilo shina la kazi. Msimbo, kutoka kwa aliyeuandika hadi kwenye jicho la msomaji, hupita mikono minne. Unachotafuta ni mkono upi uliougeuza, na njia ni kuangalia nakala nne za mstari mmoja tu. Chagua mstari mbaya kabisa, uufuate huo huo.

Nakala ya kwanza ni ile uliyotumiwa, kabla hujaibandika popote. Ya pili ni iliyomo ndani ya kihariri upande wa msimbo: kwenye kihariri cha bloku bonyeza Ctrl+Shift+Alt+M, na kwenye kile cha zamani nenda kichupo cha Text (matoleo mapya hukiita Code). Ya tatu ni chanzo cha ukurasa, unachokiona ukibonyeza Ctrl+U kwenye kivinjari. Hicho ndicho seva ilichotuma. Ya nne ni ile iliyojengwa na kivinjari chenyewe, unayoiona ukibonyeza F12.

Wengi huchanganya ya tatu na ya nne. Kivinjari kikipokea HTML mbovu hakilalamiki. Huikarabati kimya kimya. Tagi huja kwa jozi kama leso kwenye doti, na ukisahau ya kufungia, kivinjari hujiamulia mahali pa kuifunga. Kwa hivyo F12 itakuonyesha tagi iliyofungwa vizuri kabisa, mahali pasipo pake, na wewe utaapa kuwa uliifunga. Ctrl+U ndiyo haina upendeleo.

Sasa linganisha. Kosa likiwapo tangu nakala ya kwanza, usihangaike na WordPress, omba msimbo upya. Likianza kwenye ya pili, limetokea wakati wa kubandika, kubadili kichupo au kuhifadhi. Likianza kwenye ya tatu, kuna chujio linalogeuza maandishi wakati wa kuyaonyesha, na hapo hata ukibandika mara mia hutafika, kwa sababu kilichohifadhiwa ni kizima. Chanzo kikiwa salama lakini macho yanaona vibaya, tatizo ni la mtindo wa ukurasa au la tagi iliyoachwa wazi.

Dakika mbili tu. Kijana wangu alitumia saa mbili.

Mkono wa kwanza: uliyepewa naye

Word, Google Docs na iPhone zote zina tabia ya kupinda alama za nukuu. Kwenye Word zima kwenye chaguo za AutoCorrect, sehemu ya AutoFormat As You Type. Google Docs iko ndani ya Tools, halafu Preferences. Kwenye iPhone fungua mipangilio ya kibodi, uzime Smart Punctuation. Hiyo pia ndiyo inayogeuza vistari viwili kuwa kistari kirefu kimoja, kwa hiyo amri kama

    npm install --save

ikifika kwako ina kistari kirefu mbele ya save, na kompyuta haimjui huyo mgeni.

Alama zilizopinda huua msimbo kwa namna tofauti kila lugha, na inafaa uzijue dalili zake. HTML hukupa anwani yenye %E2%80%9C kama ya yule mama. Python husema waziwazi kuwa kuna herufi batili na huitaja: U+201C. PHP ndiyo inayozungusha watu. Andika

    echo “Karibu Mombasa”;

na haitalalamikia nukuu hata kidogo. PHP huruhusu herufi za aina hiyo ndani ya majina, kwa hiyo “Karibu kwake ni jina la kitu, na Mombasa” ni jina la kitu kingine, na itakasirika kwa kukuta majina mawili yamefuatana bila kiungo. Likiwa neno moja tu, PHP 8 itakuambia kuna kigeu kisichobadilika (constant) ambacho hakijafafanuliwa. Mtu anakwenda kutafuta kigeu ambacho hajawahi kukiandika maishani mwake.

WhatsApp nayo si pa kutumiana msimbo. Nyota mbili kwayo ni herufi nzito, mistari ya chini miwili ni herufi za mlazo, na unachokiona kwenye kioo sicho ulichoandikiwa. Nimewazoesha wateja na vijana: msimbo hutumwa ndani ya faili la .txt, hata ukiwa mstari mmoja. Wananicheka. Wacheke.

Kuna pia herufi zisizoonekana. Nafasi isiyovunjika, U+00A0, inafanana na nafasi ya kawaida kama pacha, na ukinakili kutoka ukurasa wa mtandao au PDF utaibeba bila kujua. Kwenye anwani huonekana kama %C2%A0. Python za karibuni huitaja kwa nambari yake. Lugha nyingine hukupa kosa kwenye mstari ambao macho yako yanakuambia hauna kasoro. Ukipata kosa kwenye mstari ambao ukiuandika upya kwa mkono unafanya kazi, shuku herufi isiyoonekana. VS Code huzizungushia kisanduku herufi za namna hii, pamoja na zile zinazofanana na nyingine, na kwa hilo pekee nadhani inastahili nafasi kwenye kompyuta yako hata kama huandiki programu.

Tiba ni moja: bandika kwa Ctrl+Shift+V, ambayo huacha rangi na mapambo ya hati nje ya mlango. Ila elewa mpaka wake. Inaondoa mapambo, hainyooshi nukuu. Nukuu iliyopinda ni herufi kamili, nayo itaingia. Hizo zitafute na kuzibadilisha Notepad kwanza.

Mkono wa pili: kihariri chenyewe

Kihariri cha zamani, kile chenye vichupo viwili vya Visual na Text, kina desturi moja: kila ukivuka kutoka kichupo kimoja kwenda kingine, kinapanga upya msimbo. Tagi za aya huondolewa upande wa Text na kurudishwa upande wa Visual. Tagi tupu, kama ile ya kuwekea picha ndogo ya simu au kikapu,

    <i class="fa fa-phone"></i>

huweza kufutwa kabisa, maana kihariri huona sanduku lisilo na kitu ndani na kulitupa. Nafasi za mwanzo wa mstari nazo hubanwa, isipokuwa zikiwa ndani ya tagi ya pre.

Kwa hiyo, ukurasa wenye msimbo ufungue kwenye Text, uhariri kwenye Text, uhifadhi ukiwa Text. Usivuke "kuangalia tu". Kuangalia kuna kitufe chake cha hakikisho. Tatizo ni kuwa kihariri hukumbuka kichupo ulichokitumia mara ya mwisho, kila mtumiaji na chake, kwa hiyo mwenzako akiufungua ukurasa kwa Visual na kuhifadhi, desturi imepita bila wewe kujua. Ikibidi kazi hiyo ifanywe na wengi, hamisha msimbo kwenye bloku ya Custom HTML. Hiyo haifanyiwi mapambo hayo.

Kihariri cha bloku kina kisa chake. Ukibadilisha msimbo wa bloku kwa mkono na haulingani tena na kile bloku inachotarajia, utakuta onyo kuwa bloku ina maudhui yasiyotarajiwa au batili, na kitufe cha kuikarabati. Usikibonyeze kwa haraka. Ukarabati humaanisha kuirudisha bloku kwenye umbo inalolijua, na ulichoongeza kinaweza kuondoka. Chagua kuigeuza kuwa HTML, utabaki na kila kitu.

Sasa lile la bei. WordPress haimwamini kila mtu na msimbo. Katika tovuti ya kawaida, msimamizi na mhariri wanaruhusiwa kuhifadhi HTML yoyote. Mwandishi na mchangiaji hawaruhusiwi. Kwenye mtandao wa tovuti nyingi zinazoshiriki WordPress moja, hata msimamizi wa tovuti hana ruhusa hiyo, anayo msimamizi mkuu tu. Asiye na ruhusa akihifadhi, mfumo huchuja: tagi za script (za programu za JavaScript) na iframe (kisanduku cha kupachika kitu cha tovuti nyingine, kama ramani) huondoka, na vitu kama onclick pia. Na hauchuji alichokiandika yeye tu, huchuja ukurasa mzima aliouhifadhi.

Hapo ndipo mambo huharibika. Wewe msimamizi umeweka ramani ya duka kwa iframe, inafanya kazi miezi. Siku moja kijana mwenye akaunti ya mwandishi anaingia kwenye chapisho lake hilo kubadilisha bei ya leso, anahifadhi, ramani imekwenda. Hakuigusa. Ataapa kwa Mungu hakuigusa, na ni kweli. Dalili ya chujio hili ni rahisi kuitambua kwenye script: tagi zinaondolewa, maneno ya ndani yanabaki, na ghafla ukurasa wako unaonyesha mistari ya JavaScript katikati ya maelezo ya bidhaa.

Usitibu kwa kumpa kila mtu cheo cha msimamizi. Nimeona tovuti yenye wasimamizi tisa na wafanyakazi wanne. Weka msimbo wa namna hiyo nje ya ukurasa wanaouhariri, kwenye thimu au kwenye programu-jalizi (plugin) ndogo, kisha ndani ya ukurasa weka msimbo-mkato (shortcode) tu, ule wa mabano ya mraba.

Mkono wa tatu: machujio ya kuonyesha

Hapa kilichohifadhiwa ni kizima, lakini kinapotolewa kuonyeshwa, WordPress huyapamba maandishi. Chujio linaloitwa wptexturize hupinda nukuu, hugeuza vistari viwili kuwa kistari cha kati, nukta tatu kuwa herufi moja, na hata 1024x768 huipa alama halisi ya kuzidisha badala ya herufi x. Jingine, wpautop, hugeuza mstari mtupu kuwa aya mpya na mstari mmoja kuwa tagi ya br. Hilo haligusi kurasa zilizotengenezwa kwa bloku, lakini kwenye zile za zamani ndilo linalopachika tagi za p katikati ya msimbo wako.

Na kuna moja linalonichekesha kila nikilikumbuka. WordPress bado ina mazoea ya kugeuza vikaragosi vya zamani vya kibodi kuwa picha. Zamani hata nane na mabano ya kufunga ilikuwa sura yenye miwani ya jua, hadi walipoiondoa kwa kuwa iliharibu maandishi ya kawaida. Siku hizo ungeandika mstari huu nje ya tagi ya msimbo

    kurasa = range(2, 8)

na mwanafunzi angeona range(2, kisha uso wenye miwani unamtazama. Niliwahi kupokea swali la mtu aliyedhani ni sehemu ya Python.

Tiba ya yote haya ni kufunga msimbo ndani ya tagi ya pre au code. Machujio ya nukuu na vikaragosi hayaingii humo. Bloku ya Code hukuwekea zote mbili. Msimbo wa katikati ya sentensi, jina la faili au amri fupi, ufunge kwa nukta-mkazo moja kila upande kwenye kihariri cha bloku.

Isipokuwa mabano ya mraba. Misimbo-mikato hutekelezwa hata ndani ya pre uliyoiandika mwenyewe. Ukiandika somo la jinsi ya kutumia [gallery], badala ya maneno hayo itatokea picha za ukurasa wako. Andika mabano mawili kila upande, [[gallery]], na msomaji ataona moja moja.

Halafu alama za < na >. Ukiandika HTML ya kusomwa nje ya bloku ya Code, mfano kwenye kihariri cha zamani upande wa Text, inabidi ubadilishe mwenyewe: & iwe &, < iwe <, > iwe >. Anza na &. Ukianza na nyingine, zile & mpya ulizoziweka zitabadilishwa tena, na msomaji ataona < badala ya alama. Ukiona hivyo ukurasani, yaani herufi hizo zenyewe badala ya alama, jua msimbo umebadilishwa mara mbili, pengine wewe mara moja na kihariri mara moja. Ukitumia bloku ya Code, bandika msimbo mbichi, yenyewe inajua la kufanya.

Mkono wa nne: kivinjari na simu

HTML hubana nafasi. Nafasi kumi mfululizo nje ya pre huonekana moja. Kwa HTML yenyewe hilo si neno, lakini kwa Python nafasi ndiyo sarufi:

    for bei in orodha:
        jumla = jumla + bei
    print(jumla)

Sogeza mstari wa mwisho ndani kwa nafasi nne, na badala ya kupata jumla mara moja utaipata baada ya kila leso. Programu haitalalamika. Itakupa hesabu tofauti tu, na hilo ni baya kuliko kosa.

Tabo nayo huchorwa kwa upana wa nafasi nane kwenye kivinjari, ambao kwa simu ni kama kukodi lori kubeba mkoba. Mistari hii mitatu kwenye CSS (lugha ya mtindo wa ukurasa) ya ziada hutosha kwa wengi:

    pre {
        overflow-x: auto;
        white-space: pre;
        tab-size: 4;
    }

Maana yake mstari mrefu hautavunjika wala kuusukuma ukurasa mzima pembeni. Msomaji atauvuta kwa kidole ndani ya kisanduku chake. Wengi wa wanaosoma hapa Mombasa wanasoma kwenye simu, ndani ya matatu ya Nyali au wakingoja feri Likoni, na ukurasa unaoteleza huku na huku wanaufunga.

Nimepita haraka kwenye mtindo kwa sababu ni rahisi kuuona. Yaliyojificha ndiyo yanayokula siku.

Jaribu kama mgeni

Ukimaliza kurekebisha, futa akiba ya kurasa (cache) kwenye programu-jalizi yako kama unayo, la sivyo utatazama ukurasa wa jana na kuulaumu wa leo. Fungua dirisha la faragha, usiingie kwa akaunti yako. Nakili msimbo kutoka ukurasani kama msomaji angefanya, ubandike Notepad, uendeshe. Kama ni kitufe, kibonyeze kwa simu, na kwa simu ya mtu mwingine. Kisha ingia kwa akaunti ya mwandishi, badilisha neno moja, hifadhi, uangalie tena. Jaribio hili la mwisho watu hulikwepa, nalo ndilo linalofanana zaidi na maisha ya tovuti baada ya wewe kuondoka.

Cha yule mama kilichukua dakika tatu: nukuu mbili kunyooshwa Notepad, kitufe kuhamishiwa bloku ya Custom HTML. Kijana akapendekeza tuzime wptexturize tovuti nzima tusisumbuke tena, na inawezekana, ni mstari mmoja kwenye programu-jalizi ndogo:

    add_filter( 'run_wptexturize', '__return_false' );

Nilimkatalia. Jioni yake mama alipiga tena, safari hii ametulia, anataka kila leso iandikwe jina lake chini ya picha. Jina la leso ndilo linalouza. Pindo na mji mteja huviona, lakini jina ndilo humfanya anunue ya kumpelekea wifi. Tukaandika majina kwa nukuu za kawaida za kibodi, "Wema hauozi" na mengine, nayo yakatokea ukurasani yamepindwa vizuri pande zote mbili, kama kitabu kilivyochapwa. Hiyo ndiyo kazi ya lile chujio.

"Hapo sawa," akasema. "Sasa niwekee na bei."

Nikamwambia bei atabadilisha kijana wa dukani, kwa akaunti yake ya mwandishi, na nikarudi kuihamisha ramani kwanza.